Hukumu Iliyoangukia Pasipo Hatia

Imekuwa rai ya watu wengi, wasomi na wasio wasomi, kwamba katika zile kumbi za michezo ya mashine zinazoendeshwa kwa sarafu, ambazo zimetapakaa katika miji ya pwani ya Uingereza na ambazo sasa zimeingia katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi, mashine za kuogopwa ni zile zenye kelele na milipuko, zinazompa kijana usukani wa gari liendalo mbio au bunduki ya plastiki ya kuwalengea maadui waliomo katika kioo; na ya kuaminiwa ni ile isimamayo karibu na mlango, yenye taa za rangi ya waridi, ambayo ndani yake wamelundikwa dubu na sungura wa manyoya, na juu yao umening'inia mkono wa chuma wenye makucha matatu. Mzazi mwenye rai hiyo humvuta mwanawe mbali na ile ya kwanza, na kwa hiari yake mwenyewe humtilia sarafu mkononi aende akaitumbukize katika hii ya pili. Mimi nasema kwamba hukumu hii imepinduka juu chini. Kwamba mashine inayoshutumiwa haina hatia ya kosa inaloshtakiwa. Na kwamba mashine inayosifiwa kwa upole wa sura yake ndiyo imfundishayo mtoto kamari, tena kabla hajaweza kuhesabu sawasawa fedha anazopoteza.

Najua kwamba kauli hii itawaudhi baadhi ya watu ninaowaheshimu, kwa sababu jamaa zetu wengi wa Zanzibar, Mombasa na Lamu waliofanya maskani London, Leicester na miji mingine ya Uingereza wana desturi, siku za kiangazi, kuwachukua watoto wao hadi Southend, Margate au Brighton kuangalia bahari, na baada ya bahari kuwapitisha katika kumbi hizo. Nao hufanya hivyo kwa mapenzi, wakiamini kwamba wamewapa wana wao furaha isiyo na dhambi. Siwalaumu kwa mapenzi yao. Nailaumu dhana waliyoikuta imekwisha kujengwa na wengine, wakaipokea bila ya kuipekua.

Hofu ya mashine zenye kelele ni kongwe, na historia yake ina mafunzo. Mwaka 1978 mhandisi wa Kijapani, Tomohiro Nishikado, aliibunia kampuni ya Taito mchezo ulioitwa Space Invaders, ambao mchezaji hujikinga na safu za viumbe wateremkao kutoka mbinguni, na haukupita muda mchezo huo ukaenea duniani kote. Mwezi Mei 1981 mbunge mmoja wa chama cha Labour, George Foulkes, alisimama katika Bunge la London kuomba idhini ya kuleta mswada ambao ungezipa halmashauri za miji uwezo wa kuidhibiti michezo hiyo, akieleza kwa uchungu jinsi vijana wanavyotoroka shule na kukosa chakula kwa ajili yake. Kura zikapigwa, 94 zikamwunga mkono na 114 zikampinga, yaani ilibaki tafauti ya kura 20 tu mchezo wa vyombo vya angani uwe chini ya mkono wa dola. Mwaka huohuo Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino hakungoja kura ya mtu. Aliipiga marufuku michezo hiyo katika nchi yake yote. Na kabla ya hao wote, Januari 1942, Meya Fiorello LaGuardia wa New York aliuharamisha mchezo wa pinball, ambao mchezaji huirusha gololi ya chuma katika ubao ulioinama, na polisi wakazikusanya mashine hizo na kuzivunja kwa nyundo kubwa mbele ya wapiga picha, na marufuku hiyo ikadumu miaka 34.

Insafu yanitaka niseme kwamba LaGuardia hakukosea kila kitu. Pinball ya zama zake haikuwa na vile vipande vya pembeni vya kuipiga gololi ili isianguke. Vilianza kutumiwa mwaka 1947, katika mashine ya kampuni ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo mchezaji aliifyatua gololi na kungoja yatakayotokea, na mahali pengi mwenye duka alikuwa akilipa fedha taslimu kwa alama. Kwa hiyo ilikuwa kamari, au ilikaribia sana kuwa kamari, na meya aliiona kuwa kamari. Kosa liko katika miaka iliyofuata: mashine ilibadilika ikawa mchezo wa ustadi, na hukumu haikubadilika, hata mwaka 1976 alipoitwa mbele ya baraza la mji kijana mmoja mwandishi wa habari, Roger Sharpe, akacheza mbele ya madiwani, akawaambia kabla ya kuifyatua gololi ni njia gani itapita, nayo ikapita njia hiyohiyo. Baraza likaiondoa marufuku. Hiyo ilikuwa burhani ya macho: mahali ambapo mkono wa mchezaji unaweza kuyatabiri matokeo, nasibu imekwisha kung'olewa kitini.

Basi tuiulize ile mashine ya Space Invaders, na ndugu zake wote wa vita na mbio, ilimwahidi nini mtoto aliyeitilia sarafu. Haikumwahidi kitu. Ilimuuzia dakika kadhaa za kucheza, na kadiri alivyokuwa hodari ndivyo dakika zile zilivyorefuka, na alipomaliza alitoka mikono mitupu kama alivyoingia, pengine na herufi za jina lake zimeandikwa katika orodha ya waliopata alama nyingi. Mtu anaweza kusema kwamba mchezo huo ni upuuzi, au kwamba una vishindo visivyofaa kwa mtoto mchanga, na katika hilo la pili nitamwunga mkono. Lakini hawezi kusema kwamba mtoto alihadaiwa. Alilipa sarafu akapata mchezo, kwa bei iliyojulikana na kwa masharti ambayo hayakubadilika baina yake na mtoto aliyemtangulia. Ni bei na ni bidhaa. Na hata fakihi aliye mkali kuliko wote hapati hapo pa kutia neno la kamari.

Sasa tuitazame mashine ya makucha, na niombe radhi kwa kukaa hapa muda mrefu kidogo, kwa maana ubishi wote umo katika tumbo la mashine hii, na wengi wanaoitetea hawajapata kuonyeshwa lililomo ndani.

Mtoto huona kijiti cha kuuongozea mkono mbele na nyuma, kushoto na kulia. Huona kitufe cha kuuteremsha. Huona makucha yakifunguka, yakishuka juu ya dubu, yakifumba, yakiinuka. Kwa ushahidi wa macho yake huamini kwamba kazi yote ni kulenga, na kwamba akilenga vyema dubu atakuwa wake. Asichokiona ni kwamba nguvu ya kufumba kwa makucha hutokana na sumaku ya umeme, na kwamba umeme huo una kipimo, na kwamba kipimo hicho kiko mikononi mwa mwenye mashine. Katika mashine nyingi zitengenezwazo leo mwenye ukumbi hufungua kijimlango cha nyuma, akaingiza bei ya mchezo mmoja, akaingiza gharama ya mdoli mmoja, akaingiza na faida aitakayo. Mashine yenyewe ikafanya hesabu ya ni mara moja katika mara ngapi makucha yapewe nguvu ya kutosha kubeba. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi: mdoli umemgharimu pauni 4, mchezo ni pauni 1, naye ataka nusu ya mapato ibaki mfukoni mwake. Basi makucha yatapewa nguvu kamili kwa wastani mara moja katika michezo 8, na katika ile mingine 7 yatafumba kwa ulegevu, au, jambo lililo baya zaidi, yatafumba kwa nguvu chini, yaubebe mdoli hadi juu kabisa mtoto auone umening'inia, kisha yalegee kabla ya kufika kwenye shimo. Wapo watengenezaji walioiweka hali hiyo ya mwisho kuwa chaguo miongoni mwa machaguo ya mashine, kama vile achaguavyo mtu sauti ya muziki.

Mwenye duka akibanwa na wakaguzi akakutwa amebandika risasi chini ya sahani ya mizani yake, hakuna atakayesema kwamba wateja wake walikuwa wakicheza. Mizani ya makucha imetiwa risasi vilevile, nayo hutiwa na kuondolewa bila ya mnunuzi kujua, mteja huyu apimiwe sawa na yule apunjwe, na wote wawili wamelipa pauni ileile na kulenga kwa ustadi uleule. Tena mnunuzi hapa ana umri wa miaka sita.

Wala haya si mageni kwa wenye biashara yenyewe. Mashine za makucha za kwanza zilipoenea Marekani, katika miaka iliyofuata kukamilika kwa Mfereji wa Panama, zikiigiza katika umbo dogo zile mashine kubwa za kuchimbia zilizowastaajabisha watu, ziliwekwa katika mahoteli na maonyesho ya kutembea, na katika baadhi yake, badala ya peremende, mliwekwa sarafu za fedha na hata noti zilizofungwa pamoja. Mwaka 1951 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia usafirishaji wa vyombo vya kamari kutoka jimbo hadi jimbo, na mashine za makucha zikahesabiwa miongoni mwa vyombo hivyo. Wenye maonyesho wakahangaika kutafuta nafuu. Yaani wale waliokuwa karibu zaidi na mashine hii, walioijua kabla haijavishwa manyoya na rangi ya waridi, waliiita kwa jina lake.

Najua jawabu litakalotolewa. Litasemwa kwamba wapo mabingwa wa makucha, watu ambao hurudi nyumbani na magunia ya midoli, na kwamba katika Japani, ambako kampuni ya Sega ilianza kuuza mashine yake ya UFO Catcher mwaka 1985, mchezo huu umekuwa sanaa yenye mbinu zake, ambapo mchezaji hausombi mdoli kwa mkupuo mmoja bali husukuma, hugeuza na kuukokota kidogo kidogo hadi ukaanguka. Nakubali. Nakubali pia kwamba katika kumbi za Kijapani mfanyakazi huweza kuitwa akausogeza mdoli pahali pepesi zaidi kwa mtu aliyejaribu akashindwa, na kwamba thamani ya zawadi katika nchi hiyo imewekewa mpaka mdogo ili tamaa isikuzwe. Lakini angalieni ni nini kilichothibitishwa na mfano huo: kwamba mchezo wa makucha waweza kufanywa wa haki pale mwenye ukumbi anapotaka uwe wa haki, na pale desturi na kanuni zinapombana. Haukuthibitisha kwamba ile mashine iliyosimama mlangoni kwetu ni ya haki. Naye bingwa, mtu mzima aliyeijua mashine, aliyesimama kando akawaangalia wengine wakipoteza ili ajue ni lini makucha yatakaza, ushindi wake ni burhani dhidi ya mtetezi wake. Kwa maana ameshinda kwa kukisia saa ya bahati, na sarafu zilizoikaribisha saa hiyo zimetoka katika mifuko ya watoto waliomtangulia.

Na sheria ya Waingereza wenyewe imekwisha kuukata ubishi huu wa ustadi, ingawa wachache wanaoitaja. Sheria ya Kamari ya mwaka 2005 iliacha mlango wazi kwa michezo ya ustadi mtupu: mashine ambayo ushindi wake hautegemei nasibu haihesabiwi kuwa ya kamari hata kidogo, na mtu huweza kuiweka bila ya kuomba leseni ya kamari. Mashine ya makucha haikupitishwa katika mlango huo. Iliwekwa katika orodha ya mashine za kamari, daraja la D, ikapewa mipaka yake: mchezo mmoja usizidi pauni 1, na zawadi, isiyokuwa fedha, isizidi thamani ya pauni 50. Kisha kikafanyika kitu cha ajabu kabisa katika sheria ya nchi iliyostaarabika: daraja hilo, peke yake katika madaraja yote, halikuwekewa umri. Mtoto wa miaka mitano haruhusiwi kununua tikiti ya bahati nasibu ya taifa, haruhusiwi kuvuka kizingiti cha duka la kubetia farasi, lakini aweza, akiwa ameinuliwa na babake ili akifikie kijiti, kuicheza mashine ambayo sheria hiyohiyo imeiandika kuwa ni ya kamari. Na kibali cha kuendeshea ukumbi wenye mashine hizo, kinachotolewa na halmashauri ya mji na kudumu miaka 10, ni kibali cha kituo cha burudani ya familia.

Wapo watakaosema, na hii ndiyo hoja wanayoipenda zaidi, kwamba fedha ni ndogo na kwamba mzazi hanunui mdoli, ananunua furaha ya mchezo, kama anunuavyo tikiti ya bembea. Mdoli ukija ni hiba, usipokuja furaha imekwisha kupatikana. Lau ingekuwa hivyo ningeiweka kalamu chini. Lakini mtazameni mtoto aliye mbele ya kioo. Yule aliyetoka katika bembea anacheka, na akiomba tena huomba kwa sababu amefurahi. Huyu wa makucha, dubu anapoanguka, uso humsawijika. Haombi kucheza tena, anaomba kurudishiwa kile alichokaribia kukipata. Nilimsikia katika ukumbi mmoja wa pwani mtoto wa Kiswahili akimwambia mamake kwa sauti ya kukata moyo, "Mama, nilikuwa nishampata! Nishampata, akaniponyoka!" na mamake, kwa huruma, akafungua kijaluba akatoa sarafu nyingine. Mama yule hakuwa mpumbavu. Alikuwa amewekwa pahala ambapo kukataa kulionekana kuwa ukatili, na mashine ndiyo iliyomweka hapo, kwa kumwonyesha mtoto riziki iliyokwisha kumfikia midomoni.

Siri ya mvuto huo inajulikana na wataalamu tangu zamani. B. F. Skinner, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, pamoja na mwenziwe Charles Ferster, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1957 jinsi njiwa aliyezoezwa kudonoa kitufe ili apate chakula anavyoendelea kudonoa kwa bidii ya kupita kiasi ikiwa chakula kinakuja mara moja katika idadi isiyojulikana ya kudonoa, leo baada ya mara tatu, kesho baada ya mara ishirini. Na jinsi anavyokuwa mgumu kuacha hata chakula kikikatizwa kabisa. Kanuni hiyo ndiyo roho ya mashine za kamari za watu wazima. Ile ya makucha imeongezewa mambo mawili ambayo mashine ya watu wazima haina: kijiti, kinachomfanya mtoto aamini kwamba kushindwa ni kosa la mkono wake mwenyewe, na dubu, anayemfanya mzazi aone haya kulitaja neno kamari.

Kwamba furaha tupu inaweza kuuzwa kwa sarafu, bila ya chambo, si nadharia. Katika gati ya Southwold, mji mdogo wa pwani ya Suffolk, yupo fundi na mchoraji wa vikatuni aitwaye Tim Hunkin, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiziunda kwa mikono yake mashine ambazo hazina wenzao duniani, na mwaka 2015 akafungua ukumbi wa pili katikati ya London, uitwao Novelty Automation. Katika mashine yake moja mchezaji hupewa nyundo ya kuwapiga wakubwa wa benki vichwani kila wanapochomoza. Katika nyingine mtu hukaa katika kiti cha sebuleni, mbele ya televisheni, akapelekwa likizo ya dakika chache, huku kiti kikimtikisa. Katika nyingine mikono ya mpira hujaa upepo ikampekua mwili mzima kama apekuliwavyo msafiri katika uwanja wa ndege. Hakuna anayeondoka na mdoli. Watu hulipa, hucheka, huwaita wenzao waje waone, wazee hucheka na wajukuu, na anayemaliza huenda akatia tena kwa ajili ya kumwonyesha mgeni. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko hoja zote nilizozitaja, kwa kuwa limevunja kauli ya wale wasemao kwamba ukumbi wa sarafu bila ya zawadi ni ukumbi uliokufa. Hunkin ameuza kicheko chenyewe, naye hakuhitaji kukaza wala kulegeza chochote nyuma ya kioo.

Za kati na kati zipo, na sitaki kuzionea. Ule mchezo wa kuviringisha mpira upande mlima hadi uingie katika tundu, ambao Wamarekani wanaujua kwa jina la Skee-Ball tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, hutoa tikiti za kubadilishia vijizawadi. Lakini mpira hautiwi nguvu na mwenye ukumbi, na mtoto aliyeongeza ustadi wiki hii ataona faida yake wiki ijayo. Namwachia mzazi aamue. Ile ya kusukuma sarafu, ambayo rundo la sarafu hukaa ukingoni kana kwamba litaporomoka sasa hivi, naihesabu katika kundi la makucha, wala sioni haja ya kueleza zaidi.

Sasa niyalete mambo haya nyumbani, kwa sababu huku ndiko yanakoniuma. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kufundishwa ubaya wa mashine ya kamari. Tumeiona ile iitwayo dubwi ilivyopenya katika vibanda na vilabu vya mitaani. Tumewaona vijana waliotumwa sokoni wakirudi bila ya fedha na bila ya mboga. Nchini Kenya, mwaka 2018, serikali ilizikamata mashine za kamari zilizokuwa zimezagaa hadi vijijini na kuziteketeza, na wazazi wengi wakashangilia. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya Tanzania, ya mwaka 2003, imemzuia aliye chini ya miaka 18 asicheze. Maimamu na mapadri, ambao katika mambo mengi hawapatani, katika hili wamesema kwa kinywa kimoja. Kisha mzazi yuleyule aliyelilaani dubwi siku ya Ijumaa au Jumapili humpeleka mwanawe katika duka kubwa lenye viyoyozi, akanunua tokeni kaunta, akamweka mbele ya makucha, akampiga picha.

Ni nini kilichotafautiana? Katika dubwi mtu hutoa mali yake kwa tamaa ya kupata mali kubwa zaidi, matokeo yakategemea hesabu iliyofichwa ndani ya chombo, na katika walio wengi akatoka amepoteza. Katika makucha mtoto hutoa mali ya babake kwa tamaa ya kupata kitu cha thamani kubwa zaidi, matokeo yakategemea hesabu iliyofichwa ndani ya chombo, na katika walio wengi akatoka amepoteza. Mchezaji wa dubwi ni mtu mzima, mwenye akili zake, aliyekwisha kuonywa. Nikiambiwa nichague ni kipi katika hivi viwili kistahilicho ukali zaidi, sitasitasita. Na anayesema kwamba zawadi ya mdoli si fedha, kwa hiyo hakuna kamari, na awaulize mafakihi wa madhehebu aitakayo kama mashindano ya kuwekeana mbuzi au kanzu yanahalalika kwa kuwa hakuna aliyeweka noti.

Wenye kumbi wamepata kusema, na huenda wakasema tena, kwamba makucha ndiyo yanayolipa kodi ya jengo, na kwamba yakiondolewa hata zile mashine nilizozitetea zitafungwa. Hiyo ni hoja ya tijara na ina haki ya kujibiwa kwa tijara. Kama ukumbi wa familia hauwezi kusimama ila kwa mapato ya kuwalegezea watoto makucha, basi familia zimekuwa zikilipa bei ya kweli ya ukumbi huo bila ya kuambiwa, na waambiwe. Na iongezwe bei ya gari la mbio na ya mchezo wa kulenga, iandikwe mlangoni, mzazi apime na mfuko wake, akiona ni ghali arudi pwani mchangani ambako hakuna kiingilio. Anayeyapenda makucha kwa ajili ya mchezo wenyewe na ayafunge katika nguvu moja isiyobadilika, mwaka mzima, mbele ya mkaguzi, kama ifungwavyo mizani ya sokoni kwa lakiri ya serikali. Mashine ya namna hiyo nitaiona kuwa mchezo wa ustadi, na nitampeleka mwanangu mwenyewe.

Lakini maadamu kijimlango cha nyuma kina kitufe cha kupunguzia nguvu, naiomba bodi inayosimamia michezo ya kubahatisha katika Tanzania, na zile za nchi jirani, zisidanganywe na manyoya. Na ziingie katika maduka hayo makubwa kama ziingiavyo katika vibanda vya dubwi. Zifungue mashine, zisome kilichoandikwa katika orodha ya mipango yake. Na ile itakayokutwa imeagizwa kukaza mara moja na kulegea mara saba iandikwe katika daftari la mashine za kamari, itozwe kodi yake, ihamishiwe pahala ambapo mlangoni huulizwa umri.